Vumbi la Kerezo: Barakoa Gani Yafaa, na Je, Ile Yenye Feni Ni ya Lazima?



Mwezi uliopita walikuja ofisini kwetu wazee wawili na kijana mmoja kutoka upande wa Nyansiongo. Hawakuja kuuliza habari za majani chai wala za dawa ya kupe. Mzee mmoja alitoa karatasi iliyokunjwa katika mfuko wa koti, akaifungua juu ya meza yangu. Ilikuwa picha ya kofia yenye kioo mbele na mashine ndogo ya kuvuta hewa nyuma. Akasema, "Mwalimu, chama chetu kimeweka akiba. Tuna kerezo moja, na sisi tu watu saba. Je, tununue kitu hiki au tusinunue?" (Wengi huniita Mwalimu hata sasa, ingawa niliacha chaki zamani nikashika kalamu ya ofisi.)

Kabla ya kujibu niliwauliza maswali matatu. Nani hasa hukereza? Hukereza saa ngapi kwa juma? Na vumbi la kazi yenu huenda wapi? Walitazamana. Basi nikawapa daftari, nikawaambia waandike kwa majuma mawili, kisha warudi. Somo la mwezi huu ni lile tulilozungumza waliporudi, maana najua chama chao si peke yake.

KWA NINI JAMBO HILI NI LA MKULIMA

Mashamba ya Borabu yaligawiwa kwa walowezi wetu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wengi walipanda miti mipakani ili kukinga upepo na kupata kuni. Leo mgrevilia, ambao wengine huuita mukima, na mkaratusi husimama katika karibu kila shamba. Zamani mkulima aliuza mti ukiwa umesimama, kwa bei aliyotaka mnunuzi. Siku hizi wengine wameona faida ya kuupasua na kuutengeneza wenyewe. Kwa kerezo, yaani mashine izungushayo mti huku fundi akiukata kwa patasi, hupatikana miguu ya viti na meza, nguzo za vitanda, mipini na mabakuli. Bonasi ya chai huja mara moja kwa mwaka, lakini mguu wa kiti waweza kuuzwa siku yoyote ya soko.

Kazi hii ni njema. Lakini kila kazi ina adui yake. Ng'ombe ana kupe, kahawa ina chulebuni, na kerezo lina vumbi. Mkulima hangoji ng'ombe aanguke ndipo aanze kumwogesha, na mapafu nayo yataka kukingwa mapema vivyo hivyo.

VUMBI UNALOLIONA NA VUMBI USILOLIONA

Patasi kali ikikata mti mbichi hutoa vipande virefu vilivyojikunja kama maganda ya viazi. Hivyo huanguka chini, na haviwezi kuingia puani. Lakini fundi akimaliza kukata huchukua msasa, naye huushika juu ya mti mkavu unaozunguka kwa kasi. Hapo ndipo hutoka unga mwembamba kuliko ule wa mahindi, na unga huo ndio adui.

Fanya jaribio hili. Ingia katika banda lenye tundu la msumari katika bati, wakati wa jua kali, mtu akiwa amekwisha kupiga msasa. Tazama mwale wa jua upitao katika tundu. Utaona vumbi likielea, halipandi wala halishuki. Toka nje kwa nusu saa, kisha rudi. Utalikuta bado linaelea. Na kumbuka kwamba mengine ni madogo zaidi, hata jua halikuonyeshi.

Tuseme kwa hesabu. Gawa milimita moja mafungu 1,000, na fungu moja huitwa mikroni. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe za vumbi zilizo chini ya mikroni 10 zaweza kupita puani na kooni, na zile zilizo chini ya mikroni 5 hufika mpaka ndani kabisa ya mapafu. Chembe kubwa zaidi hukwama puani, lakini nazo zina madhara yake, kama tutakavyoona.

MADHARA YAKE

Dalili za kwanza ni ndogo: chafya, macho mekundu, makamasi, ngozi kuwasha. Mti wa mgrevilia huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Vumbi la mvule lajulikana kwa kuleta upele na pumu. Fundi huzoea mambo haya akasema ni mafua tu. Dalili mojawapo ya kuangalia ni hii: kifua kikibana siku za kazi na kufunguka siku za mapumziko, huenda ni pumu iletwayo na kazi. Mtu huyo aende hospitali, naye amweleze daktari kazi anayoifanya.

Liko jambo zito zaidi. Kusini mwa Uingereza uko mji wa High Wycombe, uliojulikana tangu zamani kwa kutengeneza viti. Zamani wakereza wake walikaa msituni, wakakereza miguu ya viti kwa mti mbichi, hewani. Baadaye kazi ikaingia viwandani, ikafanywa kwa mashine na mti mkavu. Katika miaka ya 1960 daktari wa masikio, pua na koo aitwaye Esme Hadfield aliona jambo la kushangaza. Saratani ya ndani ya pua ni ugonjwa wa nadra, lakini miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo mafundi wa viti wengi mno. Mwaka 1968 yeye na wenzake, akiwamo Donald Acheson, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliandika vumbi la mbao katika orodha ya vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa wanadamu.

Sisemi kwamba kila akerezaye atapata ugonjwa huo. Nasema kwamba ugonjwa huja baada ya miaka mingi, na mtu aliyeanza akiwa kijana wa miaka 20 huenda asione kitu mpaka awe na wajukuu.

Vumbi la mawe nalo ni kali, na wengi wetu tuna jamaa Tabaka, katika Mugirango Kusini, wachongao mawe ya sabuni. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao. Wale wapigao msasa ndani ya maji wana busara, maana maji hulishika vumbi. Lakini yeye alipenda kusugua mawe makavu ili amalize upesi, naye alijifunga leso usoni. Jioni kope zake zilikuwa nyeupe kama za mzee, na ukiigeuza ile leso uliona upande wa ndani pia ni mweupe. Sisi watoto tulicheka. Baadaye alianza kukohoa. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili, na mwisho daktari alituambia kwamba mapafu yake yameota makovu kwa sababu ya vumbi, na kwamba makovu hayo hayana dawa. Mawe mengi yana silika, madini yaleyale ya mchanga, na mapafu yaliyoharibiwa na silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Vumbi la silika nalo liliandikwa katika orodha ile ya saratani mwaka 1997.

Leso ile ndiyo inayonifanya niandike somo hili. Baba mdogo hakuwa mzembe. Alijua vumbi ni baya, akajikinga, lakini alijikinga kwa kitu kisichokinga.

KWANZA ZUIA VUMBI, KISHA NUNUA BARAKOA

Mtu mwenye paa linalovuja haanzi kwa kununua mwavuli wa kulalia. Kadhalika barakoa ni kinga ya mwisho. Kabla ya kutoa shilingi moja, fanyeni mambo haya, mengi yake hayana gharama:

1. Hamisheni kerezo. Liwekeni chini ya paa lisilo na kuta, au karibu na mlango mpana, upepo upige mgongoni au ubavuni mwa fundi na kulipeleka vumbi mbali naye. Msilielekeze kwenye jiko, zizi la ndama wala nyumba ya jirani.

2. Kateni mti ukiwa bado una unyevu kila inapowezekana. Mkate umbo kubwa mapema, muuache mti ukauke polepole kivulini, kisha mmalizie.

3. Noeni patasi mara kwa mara. Patasi butu hukwaruza na kuacha mti mbaya, ndipo fundi analazimika kupiga msasa mwingi. Patasi kali ikiacha mti laini, msasa unakuwa wa dakika mbili badala ya kumi.

4. Msifagie pakavu. Nyunyizeni maji kwanza, au mtumie kitambaa chenye maji. Msijipulizie nguo kwa hewa ya pampu.

5. Vueni nguo za kazi kabla ya kuingia nyumbani. Mtoto mchanga asibebwe kwa shati lenye vumbi.

6. Mkiweza kununua mashine ya kufyonza vumbi, mdomo wake uwe karibu kabisa na mahali pa msasa. Hapo hulikamata vumbi kabla halijafika puani kwa mtu yeyote, hata kwa mpita njia.

AINA NNE ZA KUJIKINGA USO

Sasa tuje kwenye barakoa zenyewe.

Ya kwanza ni kitambaa. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, sote tulivaa barakoa za kitambaa. Kazi yake ilikuwa kupunguza matone yatokayo kinywani. Kwa unga wa msasa kitambaa ni kama wavu wa samaki kwa kuzuia mbu. Kisitumiwe.

Ya pili ni barakoa ya kutupa, iliyotengenezwa kwa chujio lenyewe, yenye mikanda miwili na waya mdogo puani. Zile za kipimo cha Ulaya zina alama FFP1, FFP2 na FFP3. Chujio la FFP1 lazima lizuie chembe zisizopungua 80 katika kila 100, la FFP2 94, na la FFP3 99. Ya Marekani iitwayo N95 huzuia 95. Msinunue ile isiyo na alama yoyote, hata muuzaji akiisifu namna gani.

Ya tatu ni barakoa ya mpira ifunikayo pua na kinywa, yenye machujio mawili ya kubadilishwa. Chujio lake la vumbi jembamba lina alama P3. Mpira huoshwa na kudumu kwa muda mrefu, na machujio tu ndiyo yanayotupwa.

Ya nne ni ile iliyokuwa katika karatasi ya mzee, yaani barakoa yenye feni. Feni ndogo iendeshwayo kwa betri huvuta hewa, huipitisha katika chujio, na kuishusha mbele ya uso ndani ya kofia yenye kioo. Hewa safi hujaa ndani na kutoka pembeni, nayo hulisukuma vumbi nje.

Kumbukeni kwamba barakoa ya pili na ya tatu hukinga tu ikiwa zimeshika uso pande zote. Nywele za ndevu, hata za siku mbili, hufungua njia. Hewa ni kama maji katika mfereji, hufuata pale palipo rahisi. Jaribuni hivi: vaa barakoa ya mpira, ziba machujio kwa viganja, vuta pumzi kidogo. Ikinywea usoni na kukaa hivyo, imeshika. Hewa ikipenya pembeni, kaza mikanda au tafuta kipimo kingine.

HESABU YA KINGA

Wataalamu wa Uingereza wameipa kila aina namba. Namba 10 maana yake ni kwamba hewa aivutayo mtu aliyevaa vizuri ina sehemu moja ya kumi ya vumbi lililo nje. FFP2 ina namba 10. FFP3 ina 20. Barakoa ya mpira yenye chujio la P3 ina 20. Barakoa za kofia zenye feni zina alama TH1, TH2 na TH3, na namba zake ni 10, 20 na 40.

Tufanye mfano. Tuseme hewa ya banda wakati wa msasa ina miligramu 30 za vumbi katika mita moja ya ujazo. Kwa FFP2, 30 ukigawa kwa 10, fundi atavuta 3. Kwa FFP3 atavuta moja na nusu. Kwa TH2 atavuta moja na nusu vilevile. Kwa TH3 atavuta robo tatu ya miligramu. Uingereza iliweka mwaka 2020 kwamba vumbi la mbao ngumu lisizidi miligramu 3 katika mita ya ujazo, kwa wastani wa saa nane za kazi. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeshusha kipimo hicho mpaka 2 tangu mwaka 2023.

Sasa rudini kwenye mfano wetu, lakini kwanza lihamisheni kerezo nje na kunoa patasi. Tuseme vumbi limeshuka kutoka 30 hadi 10. Hapo hata FFP2 itampa fundi miligramu 1 tu. Mmeona? Kazi isiyo na gharama imefanya kinga ya bei ndogo itoshe.

Na mwone jambo la pili, ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Kofia ya TH2 haisafishi hewa kuliko FFP3 iliyovaliwa sawasawa. Basi kwa nini watu huinunua, na bei yake hufika makumi ya maelfu ya shilingi? Hununua kwa sababu nyingine, nazo ni za kweli.

BARAKOA YENYE FENI YAMFAA NANI

Yamfaa mtu akerezaye kutwa, siku nyingi za juma. Kuvuta pumzi katika chujio kwa saa sita kwachosha, na mtu aliyechoka huishusha barakoa kidevuni. Barakoa iliyo kidevuni haikingi kitu.

Yamfaa mwenye ndevu asiyetaka kuzinyoa, kwa kuwa kofia ya namna hii haishiki ngozi ya mashavu. Yamfaa avaaye miwani, maana upepo wa feni hauachi kioo kupata ukungu. Yamfaa mwenye pumu nyepesi, lakini huyo amwone daktari kwanza, na pengine shauri jema kwake ni kuacha msasa kabisa.

Faida nyingine ni kioo chake. Bakuli lenye ufa likipasuka juu ya kerezo, kipande huruka kama jiwe la kombeo. Lakini kioo hicho lazima kiwe kimethibitishwa kustahimili pigo. Kile cha plastiki nyembamba tulichovaa wakati wa korona hakifai. Na atumiaye barakoa ya kutupa au ya mpira avae miwani ya kazi pamoja na ngao ya uso.

Haimfai akerezaye nusu siku kwa juma. Huyo atakuwa amenunua trekta la kulimia bustani ya sukuma.

MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

1. Alama. Tafuteni TH2 au TH3, na chujio la chembe lenye alama ya P. Alama iwe imepigwa juu ya kofia na chujio, isiwe ya sandukuni tu.

2. Nguvu ya hewa. Kwa kipimo cha Marekani kofia isiyobana uso lazima ipate hewa isiyopungua lita 170 kwa dakika. Ulizeni kama kuna kifaa kidogo cha kupimia hewa hiyo. Kifaa hicho kitumiwe kila asubuhi kabla ya kazi.

3. Onyo. Barakoa nzuri hupiga kelele au kuwasha taa betri ikipungua au chujio likijaa. Hili ni kubwa, kwa kuwa feni ikizimika kofia hiyo haikingi tena. Fundi azime kerezo, atoke kwenye vumbi, ndipo aivue.

4. Betri. Ulizeni hudumu saa ngapi, na kama betri ya pili huuzwa peke yake. Umeme wetu hupotea bila kuaga. Betri isiachwe juani.

5. Vipuri. Kabla ya kununua kofia, ulizeni bei ya chujio, kioo na betri, na kama vipo dukani Kisumu au Nairobi leo. Kofia isiyo na machujio ni kama pampu ya kunyunyizia isiyo na mdomo.

6. Uzito. Ivaeni dakika kumi mkiwa mmeinama kama kazini. Mashine ikiwa kichwani shingo itasema. Ikiwa kiunoni, mpira wa hewa upite mgongoni na usining'inie mbele, maana kerezo likiunasa litamvuta mtu.

MAMBO YALIYOKATAZWA

Tafadhali someni sehemu hii mara mbili, hasa ninyi mlio na ng'ombe na kahawa.

Chujio la vumbi halizuii mvuke. Msivae barakoa ya kerezo kwa kunyunyizia dawa ya kupe, dawa ya kahawa wala kupiga vanishi. Mvuke wa dawa hupita katika chujio la vumbi, na mtu hujiona salama huku anasumishwa. Kazi hizo zina machujio yake, nayo yametajwa katika karatasi ya dawa.

Msiivae kuingia kisimani, katika shimo la choo au la silo. Feni haitengenezi hewa, bali husafisha ile iliyopo. Mahali pasipo hewa mtu atakufa akiwa ameivaa.

Msiazimane barakoa ya kutupa. Ile ya mpira kila mtu awe na yake, iandikwe jina, ioshwe kwa maji na sabuni, iwekwe katika chombo chenye kifuniko. Machujio yasioshwe wala kupulizwa, kwa maana yakipulizwa hutoboka bila kuonekana.

Na mwajiriye kijana kupiga msasa, jueni kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri kumkinga mfanyakazi na vumbi na kumpa vifaa vifaavyo. Kumwambia aje na leso yake si kutimiza sheria.

WAZEE WALIVYOAMUA

Baada ya majuma mawili wale watu watatu walirudi na daftari. Lilikuwa limeandikwa vizuri, ningelipa alama nane katika kumi. Wanachama wanne hawakukereza hata saa moja. Wawili, nao ndio wale wazee, walikereza Jumapili asubuhi tu. Kijana alikereza siku tano kwa juma, karibu saa sita kila siku, katika banda la bati lenye mlango mmoja. Tena huvaa miwani.

Nikasema, basi daftari limejibu. Ondoeni kuta mbili za banda. Wazee wanunuliwe barakoa za mpira zenye machujio ya P3. Kijana naye anunuliwe ya mpira leo hii, na chama kiendelee kuweka akiba ya kofia yenye feni kwa ajili yake.

Mzee mmoja hakupendezwa. Aliuliza kwa nini fedha za watu saba zivaliwe kichwani na mtu mmoja. Kijana aliinamisha uso asijibu, kama ifaavyo mbele ya wakubwa. Ni yule mzee wa pili aliyemjibu mwenzake. Alisema, "Ndugu yangu, nyumbani kwako una ng'ombe watano. Unga wa maziwa humpa yupi?" Mwenzake akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule akamwaye." Wakacheka wote wawili, na shauri likaisha.

Juzi nilipita huko kwa kazi nyingine. Kuta mbili zimeondolewa, na kijana alikuwa kazini amevaa barakoa ya mpira, amenyoa ndevu. Alizima kerezo ndipo akaivua kunisalimu. Upande wa ndani ulikuwa safi. Niliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyoelewa.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ni wakati gani kerezo hutoa vumbi baya zaidi, wa patasi au wa msasa? Kwa nini?
2. Taja mambo matatu yapunguzayo vumbi bila kununua kitu.
3. Hewa ya banda ina miligramu 40 za vumbi katika mita ya ujazo. Fundi aliyevaa barakoa yenye namba 20 atavuta ngapi?
4. Kwa nini mwenye ndevu hakingwi na barakoa ya mpira?
5. Kwa nini barakoa ya kerezo isivaliwe wakati wa kunyunyizia dawa ya kupe?

Yasomeni maswali haya kwa sauti katika mkutano wa chama, na mtoto wa shule afanye ile hesabu ubaoni. Kisha mwandike daftari lenu kwa majuma mawili kabla ya kwenda dukani. Mwenye shida aje ofisini na daftari hilo mkononi, nasi tutalisoma pamoja.